Kuanzia Puani: Shajara ya Fremu ya Kiume Inayotengenezwa Keko

Januari

Mradi wenyewe kwa ufupi: fremu moja ya kiume, saizi tatu, itengenezwe kwa mkono hapa Keko, Dar es Salaam, kwa asetati (plastiki inayotokana na selulosi) kwanza na baadaye kwa pembe ya ng'ombe. Ni miwani ya macho, ya mtu anayeivaa akiamka na kuivua akilala. Na kuna sharti moja tuliloliweka kabla hatujanunua hata tupa: mchoro uanzie puani, umbo la lenzi lifuate.

Sababu ya sharti hilo unaikuta katika kila duka la miwani mjini. Fremu nyingi zinazoingia, za bei poa na za bei mbaya, zimechorwa kwa pua nyembamba iliyosimama juu kati ya macho. Ukimvalisha mtu mwenye pua pana, iliyolala kidogo pale juu, fremu haipati pa kushika. Inateremka hadi ikute mahali pa kukaa, na ikifika hapo kope zinagusa lenzi, ukingo wa chini unakalia mashavu, na mtu akicheka miwani yote inapanda. Kuna baya zaidi, nalo halionekani kwenye kioo cha dukani. Lenzi husagwa ili kitovu chake kikae mbele ya mboni. Fremu ikishuka milimita kadhaa, mwenye namba kubwa anatazama kupitia mahali pasipo pake, jioni kichwa kinamgonga na hajui kwa nini.

Kwa hiyo tumeanza kupima. Kinyozi wa mtaa wa pili ametukubalia kukaa saluni kwake jioni na kipimio cha vernia. Wanaume wanaosubiri zamu wanapimwa upana wa uso, umbali kutoka mboni hadi mboni, kisha pua mahali patatu: usawa wa mboni, milimita 10 chini yake, na milimita 15 chini yake. Vipimo viwili vya mwisho ndivyo tunavyovitaka hasa, kwa kuwa hapo ndipo pua nyingi za hapa zinapoanza kubeba uzito.

Mmoja wa waliopimwa ni mzee fundi cherehani, miwani yake imefungwa uzi kisogoni.

"Shikamoo mzee. Na huu uzi?"

"Marahaba mwanangu. Nikiinama kwenye cherehani bila uzi, miwani inaangukia kitambaa cha mteja."

"Dukani walikuambiaje?"

"Waliibana masikioni. Ilinitoa vidonda, nikairudishia uzi wangu."

Hilo la kubana masikioni tumelisikia saluni mle kutoka kwa wengi. Ni tiba isiyogusa ugonjwa. Uzito wa miwani hubebwa na pua, kazi ya sikio ni kuizuia tu isiende mbele. Pua isiposhika, hakuna sikio litakaloshika kwa niaba yake.

Februari

Ndani ya mkono wa fremu, karibu kila fremu, pameandikwa namba tatu, mathalani 50, 20 na 145. Ya kwanza ni upana wa lenzi, ya pili ni nafasi kati ya lenzi mbili, ya tatu ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Wengi, wauzaji wakiwemo, huichukulia ile ya katikati kuwa saizi ya pua. Inasema umbali mfupi kuliko wote kati ya lenzi na lenzi, basi. Pua ni mteremko: inapanuka ikishuka kuelekea mdomoni, na inapanuka ikirudi nyuma kuelekea mashavuni. Fremu mbili zenye 20 zinaweza kukaa tofauti kabisa usoni kwa sababu zina miinamo tofauti, mmoja unaouona ukitazama fremu kwa mbele, mwingine ukiitazama kwa juu. Miinamo hiyo haiandikwi popote kwenye miwani.

Mchoro wetu unafanya mambo matatu. Unafungua miinamo yote miwili. Unashusha kikalio, yaani ile sehemu inayogusa pua, ianze chini zaidi kuliko kwenye fremu ya kawaida. Na unaongeza unene wa kikalio kwa nyuma ili uso wa fremu usogee mbele, mashavu na kope vipate nafasi. Ukiongeza upana peke yake bila unene, miwani inazama usoni, na hili ndilo wanalolikosea wanaodhani tatizo la pua pana linaisha kwa namba kubwa ya katikati.

Hatujagundua sisi jambo hili. Ackeem Ngwenya, mzaliwa wa Malawi, ameanzisha Reframd mjini Berlin kwa ajili ya miwani ya jua ya pua pana, vipimo vikichukuliwa kwa picha ya uso na mchoro ukinyumbulishwa na kompyuta. Jirani zetu Nairobi wana Cyrus Kabiru, aliyezaliwa 1984, ambaye kazi zake za C-Stunners, miwani-sanamu ya vyuma na vitu vilivyotupwa, zimezunguka majumba ya sanaa ya dunia. Njia ya Kabiru ni ya sanaa na yetu ni ya kuonea, ila alithibitisha kitu ambacho mafundi wa hapa walikihitaji: kwamba mtu wa Afrika Mashariki anaweza kukaa mezani akachora miwani kutoka kichwani mwake bila kunakili katalogi.

Upande wa pili wako wakubwa. Luxottica ilianzishwa na Leonardo Del Vecchio mwaka 1961 kule Agordo, milimani kaskazini mwa Italia, na mwaka 2018 ikaungana na Essilor ya Ufaransa, watengenezaji wa lenzi. Ray-Ban, Persol na Oliver Peoples zote ni zao, pamoja na miwani inayobeba majina ya nyumba nyingi za mitindo. Wanafanya kazi nzuri, sitawasingizia. Baadhi ya wakubwa wanatoa hata matoleo ya pua ya chini, hasa kwa kulenga soko la Asia. Lakini kiwanda hupata faida kwa kurudia umbo lilelile maelfu kwa maelfu, na pua ya fundi cherehani wa Keko haimo katika hesabu hiyo. Karakana ndogo ina ruhusa ya kuanza upya kwa kila uso. Ndiyo maana nadhani kazi hii ni ya karakana ndogo.

Vipimo tulivyofikia: lenzi 48, 50 na 52; katikati 22, 24 na 26; mkono 145 kwa saizi mbili za mwanzo na 150 kwa kubwa. Umbo ni la duara lililotandazwa kidogo juu, ambalo nyusi nene za kiume hazilifuniki na ambalo linampa mtu wa miaka 40 na kuendelea nafasi ya kutosha chini ya lenzi kwa namba ya kusomea.

Machi

Mabamba ya asetati yamefika. Ni mazito mkononi, baridi, na yanatoa harufu kidogo ya siki ukiyakata. Harufu hiyo ina sababu. Asetati hutengenezwa kwa selulosi, ya mbao au ya zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu ya pamba baada ya kuchambuliwa, ikapikwa na kemikali za jamii ya asidi ileile iliyomo kwenye siki. Seluloidi, plastiki iliyotangulia, ilishika moto kwa urahisi mno, asetati ikaja kuziba pengo hilo. Kila nikifikiria mbegu za pamba za Shinyanga na Simiyu zinavyokamuliwa mafuta na makapi kuwa mashudu ya ng'ombe, najiuliza kama siku moja bamba hili haliwezi kuzaliwa huku kwetu.

Jina linalotajwa zaidi kwa asetati ni Mazzucchelli, kiwanda cha Castiglione Olona, Italia, kilichoanza 1849. Kilianza na vitana na vifungo vya pembe na mifupa. Oyonnax nchini Ufaransa nao walikuwa watengeneza vitana kabla ya kuwa mji wa miwani. Mkoani Fukui, Japani, Masunaga Gozaemon aliingiza kazi ya fremu mwaka 1905 ili wakulima wapate kipato msimu wa baridi theluji ikifunika mashamba, na leo mji wa Sabae wa mkoa huohuo hutoa zaidi ya asilimia 90 ya fremu za Japani. Nayaandika haya kwa sababu ya swali tunaloulizwa kila mara, eti Keko na miwani wapi na wapi, Keko ni makochi na vitanda. Hakuna mji uliozaliwa na miwani. Palikuwa na mikono inayojua kukata, kuchonga na kung'arisha kitu kingine, kisha mtu mmoja akaileta kazi. Mikono hiyo Keko imejaa.

Rangi tulizochagua ni mbili: nyeusi iliyokolea, na ile ya madoa ya kahawia juu ya manjano ya asali. Hii ya madoa huigiza gamba la ng'amba, kasa ambaye kwa karne nyingi miwani na vitana vya watu wenye uwezo vilitengenezwa kwa gamba lake. Gamba hilo lilitoka pia pwani hii. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1, Periplus, unaitaja bandari ya Rhapta, ya mwisho katika safari za kusini za wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, na unasema wazi kilichotoka huko: pembe za ndovu kwa wingi, na magamba ya kasa. Biashara ya kimataifa ya ng'amba imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu miaka ya 1970, na ng'amba wenyewe wako hatarini kutoweka. Kwa hiyo tunavaa madoa yake kwa pamba na siki, naye abaki baharini Mafia akitaga mayai yake. Huu ni uamuzi ninaoufurahia kuliko wote katika mradi huu.

Aprili

Masika. Asetati hunywa unyevu wa hewa na bamba lililonywa maji hujikunja baada ya kukatwa, hivyo mabamba yanalala bapa ndani ya sanduku lenye vifuko vya kukausha na yanatoka moja moja.

Mpangilio wa kukata una mantiki yake. Matundu ya lenzi hukatwa kwanza, kwa msumeno mwembamba wa sonara, bamba likiwa bado pana na imara ndani ya jiliwa. Kisha mfereji wa kushikia lenzi, wenye umbo la V na kina pungufu ya milimita moja, unachimbwa kuzunguka tundu lote. Umbo la nje linakuja mwisho, kwa sababu likishakatwa hakuna tena nyama ya kushikia. Mfereji usipokuwa na kina sawa, lenzi inatoka siku mtu anapopanda daladala lenye joto.

Halafu pua. Hapa ndipo muda wetu mwingi umekwenda na sioni haya kuusema.

Vipande viwili vidogo vinakatwa kutoka masalio ya bamba lilelile ili madoa yafanane. Sehemu ya kugusana inalainishwa kwa asetoni, inabanwa, inaachwa ikauke taratibu. Ukiharakisha, vipovu vinabaki ndani na vitaonekana daima. Kikikauka kikalio ni kigae kigumu chenye kona. Inaanza tupa ya nusu duara, kwa mwendo mmoja wa kusukuma kuelekea nje, kamwe si kurudi, maana tupa inayorudi inachana asetati badala ya kuikata. Unafuata mwinamo wa mbele kwanza, kisha wa juu, kisha unaondoa ukingo unaobaki kati yao hadi vidole visitambue mwinamo mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi.

Kujua kama umefika, tunatumia poda ya mtoto. Unapaka kikalio poda nyembamba, mtu anavaa, anageuza kichwa, anacheka, anainama. Unaitoa na kusoma. Palipofutika ndipo panaposhika. Ikifutika nukta moja tu, uzito wote umekaa pale na kesho patakuwa na alama nyekundu. Ikifutika kwa ukanda mrefu kutoka juu hadi chini, pande zote mbili sawa, miwani imekaa. Kati ya nukta na ukanda kuna kazi ya tupa ndogo, na kila pua inadai ukanda wake.

Mzee wa cherehani alivaa ya kwanza iliyofikia hatua hiyo, ikiwa bado haina hata lenzi wala haijang'arishwa, mikono imeshikiliwa na vifungio vya muda. Aliinama juu ya cherehani yake, akapitisha mshono wa suruali mzima, akainuka. Haikusogea. Aliomba aondoke nayo vilevile.

Baada ya pua, uso wa fremu hupashwa moto na kukunjwa kidogo ufuate mviringo wa uso. Kiolezo cha kukunjia tumechongewa na seremala wa jirani kwa mninga, saizi tatu, na amevipiga msasa kwa uangalifu ambao sijauona kwenye meza za chakula.

Mei

Bawaba. Fremu za haraka hupachikwa bawaba kwa joto: inapashwa, inazamishwa kwenye asetati, imekwisha. Ikilegea hakuna pa kuanzia kuitengeneza. Sisi tunaipigilia kwa ribiti zinazopita upande hadi upande, zile nukta mbili ndogo za chuma unazoziona kwenye kona za miwani ya zamani. Kwa wengi siku hizi ni pambo tu lililobandikwa juu. Zetu zinafanya kazi, na fundi yeyote mwenye nyundo ndogo anaweza kuzitoa na kuzirudisha.

Ribiti tumezifuata kwa sonara mmoja mtu mzima wa Kariakoo. Nilimwonyesha uso wa fremu na bawaba.

"Unataka ribiti ya nini, mwanangu? Shaba itakuozea. Jasho la mji huu unalijua."

"Ndiyo maana nimekuja, mzee. Fedha je?"

"Fedha itakuwa nyeusi, lakini nyeusi ya fedha inafutika. Kijani cha shaba kinaingia mpaka kwenye ngozi ya mtu."

Kwa hiyo ribiti ni za fedha, waya anauvuta yeye mwenyewe, na bawaba ni za chuma kisichoshika kutu zilizoagizwa nje, zenye majani matano yanayoingiliana. Alitufundisha pia kugonga: vipigo vyepesi vingi kuzunguka kichwa cha ribiti, kikitanuka kidogo kidogo, badala ya kipigo kimoja cha nguvu ambacho hupasua asetati chini yake. Kisha tupa, hadi chuma na asetati viwe uso mmoja.

Mikono inapewa waya ndani, kwa sababu ya joto la Dar. Asetati peke yake ikiachwa kwenye dashibodi saa saba mchana husahau mkunjo wa sikio. Tunachimba mfereji kwenye bamba jembamba, tunalaza waya, tunafunika kwa bamba la pili. Kwenye rangi ya asali waya unaonekana, na nimependa uonekane.

Juni

Pembe kutoka Uganda zimefika, za ng'ombe wa Ankole. Mafundi wa Kampala wameshazizoea kwa bangili, vijiko na vikombe, na wao ndio waliotuchagulia. Karakana za Paris kama Maison Bonnet zinajulikana kwa miwani ya vipimo vya mtu mmoja mmoja, na pembe ni mojawapo ya malighafi za kazi ya aina hiyo huko Ulaya, ila yao mara nyingi ni ya nyati wa Asia, nyeusi zaidi. Ya Ankole ina maziwa, moshi na kahawia katika kipande kimoja.

Pembe ni kitu kilekile cha ukucha. Ncha ni ngumu na imejaa. Kule chini ni wazi, na ndiko bamba linakotoka. Inapasuliwa kwa urefu, inapashwa hadi ilegee, inabanwa katikati ya vyuma hadi ipoe ikiwa bapa. Matabaka mawili yanagundishwa nyuzi zikipishana ili lisipasuke. Kipande kimoja kilipasuka baada ya kubanwa, mchana wa upepo mkavu, na tangu hapo vinapoa vikiwa vimefunikwa. Haina haja ya haraka. Ni nyepesi kuliko asetati, haiwashi ngozi, na inaomba mafuta kidogo mara kwa mara kama ngozi yenyewe.

Julai

Viwandani fremu hung'arishwa ndani ya mapipa yanayozunguka na vipande vidogo vya mbao na unga wa jiwe la pumisi, mchana na usiku, siku kadhaa, kila pipa na unga laini zaidi ya lililotangulia. Tumejitengenezea pipa dogo na vipande vya mbao ngumu isiyo na utomvu, masalio ya maseremala. Umeme ukikatika pipa linasimama, na kazi inarudi kwenye msasa: 240, 400, 800, 1200, kisha gurudumu la pamba na nta. Kwa kweli kona za ndani za kikalio hatuzipeleki kwenye pipa kabisa. Pipa hulainisha kila kitu kwa usawa, na pale puani hatutaki usawa wa pipa, tunataka ukanda ule wa poda ubaki ulivyo.

Mtaalamu wa macho tunayefanya naye kazi amebadili utaratibu wake kwa ajili yetu: urefu wa mboni anaupima fremu ikiwa tayari imekaa usoni mwa mwenyewe, na ndipo anaagiza lenzi. Fremu isiyoteremka inastahili kupimwa hivyo, kwa kuwa kipimo cha leo kitakuwa kipimo cha mwakani.

Hali ilivyo: saizi ya 50 imekamilika kwa rangi zote mbili na inavaliwa. Ya 48 iko kwenye ribiti. Ya 52 inasubiri bawaba kubwa zaidi. Pembe bado ziko kwenye vyuma. Agosti vipimio vinakwenda Mwanza na Arusha, kwa sababu pua za saluni moja ya Keko haziwezi kusemea nchi nzima, na kama miinamo ya huko ni tofauti basi mchoro utafunguliwa tena kabla saizi ya nne haijakatwa.